Kabari Mpya Kila Juma

Shule ilipotoka saa saba, Kavuo hakuwa na muda wa kucheza. Alivua sare, akala kilichobaki kwenye sufuria, akajitwisha beseni la mandazi, akateremka kwenye parkingi ya malori ya Butembo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo aliifanya kila siku isipokuwa Jumapili. Mama yake alimuaga kwa maneno yale yale: "Usikopeshe, usichekecheke, urudi jua likiwa juu." Mama huyo, Berthe, ambaye mtaani aliitwa Mama Delphin kwa jina la mwanawe wa kwanza, hakuwa mtu wa kurefusha mazungumzo.

Mwaka ule vita vilikuwa bado barabarani. Kati ya Butembo na Beni kulikuwa na vizuizi, kila kizuizi na askari wake, na askari wengine hawakuomba, walichukua. Lakini hata wakati wa vita watu wanakula. Viazi na kabichi vilitoka Alimbongo, mafuta ya mawese yakapanda kutoka upande wa Beni, na malori yakazidi kunguruma.

Kavuo aliyajua malori yote kwa majina yaliyoandikwa juu ya vioo. Lililopendeza kuliko yote lilikuwa la Bosi Kasonia, jekundu, jina lake Wivu wa Nini. Mlango wake uling'aa hata ungeweza kujitazama meno.

Juma lile nyumbani kwao kulikuwa kunachemka. Kaka yake mkubwa, Delphin, alikuwa amejifunza udereva miaka minne chini ya dereva mzee, na sasa alikuwa na permi yake mwenyewe, kibali halali cha kuendesha lori. Mabosi wawili wenye malori, Kasonia na Mama Kavira, walikuwa wamemwita. Siku ya Alhamisi aliingia ndani na kuitupa kofia yake juu ya meza.

"Mama Kavira ananizarau! Miezi mitatu, mama! Miezi mitatu nikae kando ya dereva wake kama gunia ya maharagwe, ndipo anipe usukani. Na lori yenyewe inakohoa kama muzee!"

"Na Kasonia?" mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa akiukanda.

"Patron Kasonia ananipa funguo Jumatatu. Na jaketi ya ngozi."

"Jaketi haina freni ya kusimamisha lori. Umeuliza dereva aliyetoka kwake kwa nini alitoka?"

"Ananie? Banasema alikuwa mulevi."

"Nani anasema?"

Delphin aliichukua kofia yake mezani. "Patron mwenyewe."

"Basi umeuliza chui habari ya mbuzi."

"Mama, mimi si mutoto tena!" Delphin alitoka, akaubamiza mlango wa bati hadi kifuniko cha sufuria kikaanguka. Mama alikiokota, akakipangusa, akaendelea kukanda, ila sasa aliupiga unga kama adui.

Kavuo alikuwa upande wa kaka yake, na alikuwa na sababu. Delphin alikuwa amemwahidi kwamba Pasaka angempeleka Beni, akiwa amekaa mbele ndani ya Wivu wa Nini, hadi kwa shangazi yao Léa anayeishi mtaa wa Bungulu. Huko, shangazi alisema, kakao inaanikwa mbele ya nyumba, na asubuhi mtu havai sweta. Jemima, rafiki yake wa darasani, alikwisha kufika Beni mara mbili na hakumwacha mtu asahau.

"Wewe, Kavuo, utazeeka hapa hapa na baridi yako," Jemima alimtania.

"Pasaka nakaa mbele, karibu na dereva. Wewe ulikaa juu ya magunia, ukarudi na nywele za vumbi!"

Siku ya Ijumaa, Kavuo alipokuwa parkingi akiuza mandazi, Wivu wa Nini liliingia. Kabla halijasimama, msaidizi wa lori aliruka chini na kabari mkononi, kile kipande kinene cha mti kinachowekwa kwenye gurudumu ili lori lisiteremke. Alikisukuma chini ya gurudumu la nyuma, akakipiga teke, ndipo lori likatulia.

"Mutoto wa Mama Delphin, kuja hapa," sauti ilimwita. Alikuwa Papa Ananie, aliyewahi kuwa dereva wa Kasonia. Sasa alikuwa akiziba pancha kando ya parkingi. Alinunua andazi moja, akaelekeza kidole kwenye gurudumu. "Unaona ile kabari?"

"Ninaiona, papa."

"Ina rangi gani?"

Kavuo alitazama. Ilikuwa nyeupe, mbichi, ingali na harufu ya mkaratusi. "Ni mupya."

"Na ya juma lililopita ilikuwa mupya. Na ya juma lile lingine. Lori yenye freni nzima inatumia kabari moja hata mwaka. Ile inakula moja kila juma, kwa sababu kabari ndiyo freni yake. Nilimwambia patron mara sita. Alinijibu, 'Kata mti mwingine.' Nikatoka, akanitangaza mulevi." Ananie alitema mate pembeni. "Mwambie kaka yako apite hapa kabla hajatoa permi yake. Leo. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

Alikuwa amesikia. Lakini alipofika nyumbani, alimkuta Delphin akipaka viatu rangi huku akipiga mluzi, na Pasaka ilikuwa imebakiza majuma matatu. Kavuo alijiambia kwamba mlevi husema chochote, ingawa Papa Ananie hakuwahi kunukia pombe hata siku moja. Jumamosi alinyamaza. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko kawaida, akanyamaza. Jumatatu Delphin alikwenda kwa Kasonia na kumkabidhi permi yake. Ndiyo ilikuwa desturi ya mabosi wengi: permi ya dereva mpya inalala kwenye meza ya bosi, imefungiwa, ili dereva asikimbie na lori la watu.

Delphin alirudi amevaa jaketi. Mama alipapasa mkono wa jaketi. "Ngozi nzuri," alisema. "Sijui ng'ombe mwenyewe alionaje."

Jumanne ndiyo ilikuwa safari ya kwanza. Wivu wa Nini lilisimama kwenye mteremko mbele ya depo, ghala la mizigo la pale parkingi, limejaa viazi, na wachuuzi wanawake walikuwa wamekwisha kukaa juu ya magunia yao. Kavuo alifika na beseni lake akiwa na Jemima. Alilitua kivulini, nyuma ya lori, akamwachia Jemima alilinde, akakimbilia mbele kumpungia kaka yake mkono.

Pa! Kabari ilipasuka.

Lori lilianza kurudi nyuma polepole, kama mtu anayefikiri. Delphin alisimama kwa miguu yote miwili juu ya breki. Lori halikujali. Wanawake wakapiga mayowe. Jemima alikuwa ameinama kufunga kiatu; Papa Ananie alimrukia, akamshika ukosi wa sweta, akamvuta. Gurudumu lilipita pale pale alipokuwa, likapanda juu ya beseni, kisha lori likagonga rundo la mchanga na kusimama.

Kisha Jemima akaanza kulia, na Delphin akashuka, jasho likimtiririka.

"Freni hakuna! Hakuna kabisa!"

"Si nilikutumia mutoto Ijumaa!" Ananie alifoka. "Si nilisema upite kwangu?"

Delphin aligeuka. "Kavuo. Alikuambia?"

Kavuo alilitazama beseni lililokuwa bapa kama chapati. "Aliniambia, yaya," alisema, kama alivyomwita kaka yake siku zote.

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kwenda Beni."

Maneno hayo yalikuwa makubwa sana moyoni mwake tangu Ijumaa. Sasa yalipotoka yalikuwa madogo, ya aibu. Delphin aliinua mkono, akaushusha, akamgeuzia mgongo. Kavuo angependelea kofi.

Bosi Kasonia alifika akipiga kelele kutoka mbali. "Munasimamia nini? Lete kabari ingine! Delphin, panda, ondoka!"

"Patron, freni haishike."

"Ananie alipita barabara hii mwaka mzima na freni hizo hizo. Wewe unaogopa? Na nikuambie kabisa: huko kwenye vizuizi, askari bakitaka lori, usishuke. Lori ikienda vitani, dereva anaifwata. Hutaki? Vua jaketi. Na permi yako itabaki kwangu mwaka mzima, tuone utaendesha nini."

Miaka minne ya kulala chini ya malori, ya mikono iliyoungua kwa mafuta, ilikuwa imefungiwa kwenye meza ya mtu huyo.

Hapo ndipo Mama Delphin alipofika, unga ungali umemjaa hadi viwikoni. Kuna jirani aliyemkimbilia na habari. Alimtazama Jemima, akalitazama beseni, akaokota kipande cha kabari na kukipima mkononi. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Kasonia.

"Patron, permi ya mutoto wangu."

"Mama, haya ni mambo ya banaume."

"Huyo mwanaume nilimuzaa mimi. Permi."

Kasonia alicheka. Mama hakucheka. Aliwageukia wanawake waliokuwa juu ya magunia. "Mama zangu, mumeona kwa macho. Barabara yote ya Beni inashuka. Mimi ninasema hivi: kama lori ni nzima, Patron Kasonia apande mbele, tushuke naye. Mimi mwenyewe nitakaa kando yake. Patron, panda, twende."

Macho yote yakamgeukia Kasonia. Aliutazama mteremko. Akaitazama saa yake.

"Mimi niko na kazi ku bureau," alisema, akielekeza kidole upande wa ofisi yake.

Mwanamke mmoja mnene aliinuka juu ya gunia. "Shusha viazi zangu."

"Na zangu!"

"Kabichi zangu pia! Bosi anaogopa lori yake, mimi ni nani?"

Magunia yakaanza kushuka, pu, pu, pu, vumbi likatimka. "Muache magunia!" Kasonia alipaza sauti. "Munaniharibia!"

"Tunakuharibia nini, patron? Freni?" mmoja alimjibu, na parkingi nzima ikacheka, kicheko kikali kisicho na furaha.

Lori lilipobaki na nusu ya mzigo, Kasonia, akitaka kuikatiza aibu hiyo, alimtuma karani wake. Permi ililetwa, akaitupa mchangani. Delphin hakuiokota mara moja. Kwanza alilivua jaketi, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye ngazi ya Wivu wa Nini. Ndipo akainama.

Mchana ule ule mama aliwaongoza wote wawili hadi kwa Mama Kavira. Delphin alitembea kichwa chini, lakini alipofika hakuomba msamaha tu. Safari hii aliuliza.

"Mama, naweza kuingia chini ya lori?"

"Si uko na magoti? Ingia," Mama Kavira alimjibu.

Lilikuwa lori kuukuu la kijani. Kavuo aliiona kabari yake, imening'inizwa kwenye ndoano kando ya tairi la akiba. Ilikuwa nyeusi kwa uzee, pembe zake zote nzima, na buibui alikuwa ametanda utando juu yake. Delphin alitoka chini na mafuta shavuni.

"Freni ni mupya," alisema polepole. "Na askari bakiichukua lori, mama?"

"Unashuka, unainua mikono, unarudi kwa mama yako," alijibu Mama Kavira. "Lori ni chuma. Nitaililia, ndiyo, lakini chuma hakiwekewi matanga."

"Na permi yangu italala wapi?"

"Mufukoni mwako. Mimi nitaifanyia nini, nami sijui hata kuendesha baiskeli?"

Delphin alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi miezi mitatu nitakaa kando ya dereva wako."

Njiani kurudi, Kavuo alingoja fimbo. Mama alitembea haraka, na hasira yake ilisikika katika kila hatua. Mwishowe akasimama.

"Delphin, wewe ulichagua bosi kwa rangi ya mlango. Kazi ya kwanza haichaguliwi hivyo. Uliza waliotoka, siyo aliyebaki na funguo. Mwajiri anayechukia maswali yako leo, kesho atachukia uhai wako. Sitarudia."

Kisha akamgeukia binti yake.

"Na wewe. Hukusema uongo, najua utajitetea hivyo. Lakini habari ya hatari si mali yako uifungie sandukuni. Ukiijua ukanyamaza, wewe ndiwe uliyeondoa kabari. Leo tungekuwa tunachimba kaburi la mtoto wa watu, ili wewe uone kakao."

Kavuo alilia, na mama alimwacha alie.

"Pasaka utakaa hapa. Delphin atalinyoosha beseni kwa nyundo, na utaendelea kulibeba. Kila atakayeuliza kwa nini limekunjika, utamwambia ukweli."

"Wote, mama?"

"Wote. Hata ile ya kutaka kwenda Beni."

Kesho yake Kavuo alijitwisha beseni lenye makunyanzi kama uso wa bibi kizee, akateremka parkingi. Wachuuzi walilitazama. Jemima alikuwa amekwisha kufika, na ukosi wa sweta yake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mweusi.

"Yee! Beseni lako lilikunjwa na nani?" aliuliza mwanamke mmoja mgeni kutoka Alimbongo.

Jemima alimtazama rafiki yake. Kavuo alilitua beseni chini, mbali na gurudumu lolote.

"Na mimi, mama," alisema, akaanza kueleza.