Simu Siku ya Kimya

Jumamosi ile Barabara ya Telegraph ilifurika watu: wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, wauza mishumaa, wahubiri wa dini ambazo juzi hazikuwepo. Katikati ya zogo hilo alisimama Michiyo Sakoda na ndoo zake za waridi, gauni fupi la njano mwilini, nywele amezibana kwa kitambaa cha mama yake.

"Dada, una waya?"

Aligeuka. Kijana mrefu, mwembamba, kajitupia kanzu nyeupe juu ya jinzi iliyotoboka magoti. Alikuwa amekumbatia gitaa kubwa la nyuzi kumi na mbili, na uzi mmoja umekatika unaning'inia.

"Waya wa nini?"

"Huo unaofungia maua. Uzi umenikatikia katikati ya wimbo, na watu wananisubiri."

Michiyo alichungulia nyuma yake. Alimwona mzee mmoja na mbwa.

"Watu gani?"

"Hao hao."

Michiyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka, waya huu ni wa waridi. Utakukata kidole, halafu damu uje unimwagie kwenye maua."

"Basi niuzie ua moja, nipate sababu ya kusimama hapa."

Ndivyo walivyoanza. Jina lake Wendell Ostrander, kutoka Maryland, na hakuimba hata neno. Alipiga gitaa peke yake, nyimbo ndefu zisizo na kiitikio. Alikuwa akitafuta kwenye nyuzi za chuma zile sala alizozisikia kwenye santuri za Uhindi na Uajemi. Kila wimbo ulitaka nyuzi zilinganishwe upya, hii ishushwe, ile ipandishwe. Kwenye vilabu vya kahawa watu walitoka, wakavuta sigara, wakarudi, na yeye bado kainamisha sikio.

"Bado unatyuni?" Michiyo alimnong'oneza siku moja.

"Kuna sauti naitafuta."

"Na wenzio wanautafuta mlango, mpenzi."

Alimtania pia kwa udi aliokuwa akiufukiza chumbani na picha ya mwalimu wake wa Kihindi ukutani. "Mimi ndiye Mbudha wa kuzaliwa. Sisi hekaluni tunakwenda kucheza bingo na kula kuku wa kuchoma."

"Ndiyo maana hamjaokoka na ulimwengu."

"Tumeokoka na njaa, inatutosha!"

Alimpenda, na hakulificha hilo kwa mtu yeyote isipokuwa mama yake. Bi Fumiko alikuwa mjane mwenye mabanda ya waridi kule Richmond. Wakati wa vita serikali iliwatia kambini yeye na mumewe kwa sababu ya asili yao ya Kijapani, na waliporudi walikuta vioo vya mabanda vimevunjwa na majirani waliokuwa wakiwasalimia kila asubuhi. Tangu hapo hakuna Mzungu aliyekula mezani kwake. Michiyo alipojitia moyo akamwambia, mama alinuna majira ya baridi yote. Wendell hakuruhusiwa kuijua nyumba, wala kupiga simu pale.

Kisha, asubuhi moja ya Julai, akiwa anapogoa, Bi Fumiko alisema bila kugeuka, "Mlete leo jioni, kabla sijabadili mawazo. Anakula samaki?"

"Hali nyama yoyote, Mama."

"Mtihani huo! Haya, nitapika tofu ya soya."

Michiyo alikimbia kwenye simu na glavu mkononi. Ikaita sana kabla ya kupokewa.

"Wendell! Mama amekubali! Leo jioni, mpenzi, uje ule nasi. Utakuja? Nikuelekeze njia?"

Kimya.

"Wendell? Nakusikia unavyohema. Acha utani bwana, leo siyo siku yake."

Kilichofuata ni mlio wa nyuzi zinazolegezwa. Uzi mmoja ukashuka, ukalia chini kama mtu anayeguna, ukafuata mwingine. Michiyo aliufahamu mlio huo. Kila alipofunga safari, Wendell alizilegeza nyuzi kwanza ili shingo ya gitaa isipinde njiani.

"Unasafiri? Ndo unanijibu hivyo?" Sauti ilianza kumkatika. "Kama hutaki, sema hapana. Neno moja tu, Wendell. Nakuomba."

Nyuzi ziliendelea kushuka. Alilia pale pale, mkono wa simu sikioni, kisha akakata.

Hakuthubutu kumwambia mama yake. Moyoni alijidanganya kwamba huenda angetokea. Jioni Bi Fumiko alivaa gauni lake la hekaluni, akaketi mbele ya vyakula na mikono mapajani. Chakula kilipopoa alikiondoa mwenyewe, sahani moja moja. Michiyo hakuweza kuuvumilia uso ule. Kesho yake akaenda kwa shangazi yake Watsonville, kwenye mashamba ya stroberi. Simu zilizokuja baadaye mama alizipokea yeye na kuzikata yeye.

Masika yaliyofuata alirudi. Jumapili moja mchana alipeleka maua kwenye ukumbi mmoja Berkeley, akasikia gitaa kabla hajafungua mlango. Alitaka kuiweka ndoo na kukimbia, lakini akaingia.

Wendell alikuwa jukwaani, amekonda zaidi. Alimwona, akakata wimbo katikati. Kisha, ukumbi mzima ukimtazama, akaanza kuzilegeza nyuzi.

"Tena?" Michiyo alisema kwa sauti. "Mbele za watu?" Akatoka.

Wendell alimfuata mbio mpaka barabarani, gitaa mkononi.

"Michi! Simama!"

"Rudi ukafunge gitaa lako."

"Sifungi, natyuni! Huu ni wimbo wako. Nilikutungia, nyuzi zake ziko chini kuliko zote, nilikuwa sijakupigia bado. Siku ile nilikuwa nakujibu ndiyo!"

"Mtu anakuuliza utakuja kula kwao, unamjibu kwa nyuzi? Mdomo ulikuwa wapi?"

"Ilikuwa siku ya kimya. Mara moja kwa mwaka, wafuasi wote wa mwalimu wetu hatusemi kutwa nzima. Nilivaa na kadi shingoni imeandikwa hivyo. Mtaa wote ulijua."

"Simu ingeionaje kadi, Wendell?"

Alijifunika uso. Michiyo aliangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, na wakajikuta wamekumbatiana katikati ya njia huku magari yakiwapigia honi. Kanzu ilinukia udi ule ule. Miezi yote ile alikuwa amemlaani bure.

"Niolewe na wewe, au wewe uolewe na mimi, vyovyote," Wendell alisema. "Twende kwa mama yako sasa hivi. Nitampigia magoti kwenye matope ya banda."

Michiyo alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote duniani. Lakini kulikuwa na swali, akaliuliza.

"Siku ile, ulinisikia nikilia?"

"Nilisikia."

"Na ulijua neno moja lingetosha?"

"Nilijua."

"Sasa Julai ikija tena. Niko kwenye simu nalia, mtoto wetu mgonjwa. Utasema?"

Wendell hakujua kudanganya, na Michiyo alimpendea hilo.

"Nitakuja mbio," alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini sitasema. Nikivunja nadhiri ile, Michi, hizi nyuzi zitakuwa chuma tu."

Laiti angedanganya! Michiyo angemsamehe uongo huo mara elfu. Alikishika kiganja chake, akavibusu vidole vyake vyenye sugu, kimoja kimoja, kisha akavuka barabara. Wendell alibaki amesimama na gitaa lililolegea.

Nyumbani, mama yake alikuwa akipakua wali, akayaona macho yake mekundu.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Hakunikataa, Mama. Alikuwa na nadhiri ya kunyamaza. Anataka kunioa."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimemuaga."

Bi Fumiko aliweka mwiko chini.

"Baba yako alipotoka kambini hakunena," alisema. "Hakuwa na nadhiri. Chumvi, maji, funga mlango, basi. Nilikaa nikimsubiri aniambie kitu mpaka nikamzika. Mimi nilizoea, mwanangu. Wewe usizoee."

"Lakini nampenda."

"Najua."

Mama alimvuta kifuani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Michiyo akiwa mdogo, na wali ukapoa mezani wakiwa bado wamesimama.