Ngozi ya Paja Mguuni kwa Remigius

Mwezi wa saba, kule Mbulumbulu huwa kuna baridi kali. Kila jioni Remigius alitoka kwenye shamba la ngano, akakaa jikoni na kunyoosha miguu motoni. Siku moja mkewe, Penina, alisikia harufu ya kuungua. Akadhani ni maharage. Kumbe kaa la moto lilikuwa limeangukia mguu wa mumewe, penye unyayo.

"Baba Antonia, unaungua."

Remigius akautazama mguu kana kwamba ni wa jirani. "Mbona sisikii kitu?"

Kidonda kikatokea. Penina akamsihi aende hospitali.

"Hakiumi. Au unataka nilie ndiyo uamini napona?"

Akaendelea kuvaa buti na kwenda shambani. Mavuno yakaisha, kidonda kikazidi kupanuka na kutoa harufu. Ndipo alipokubali kwenda hospitali, Karatu.

Muuguzi Hosiana alimpima. "Mzee, una kisukari. Kimeharibu mishipa ya fahamu miguuni. Ndiyo maana husikii maumivu, lakini kidonda kinazidi kuula mguu."

"Mtaukata mguu?" Remigius aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tunapigana usifike huko. Damu bado inafika mguuni, hiyo ni bahati. Tutashusha sukari, tutasafisha kidonda, na wewe hutaukanyagia mguu huo. Kikiwa safi, daktari atachukua ngozi nyembamba pajani kwako akifunike."

"Ngozi ya paja ikubali kukaa mguuni?"

"Ni yako mwenyewe. Ikipata damu kutoka chini, inashika."

"Basi nitatembelea paja," Remigius alisema. Penina hakucheka.

Siku ya kufungua bandeji, baada ya ngozi kupandikizwa, Remigius alimwambia Penina huku akigeukia ukutani: "Tazama wewe. Mimi siwezi."

Hosiana alilowesha bandeji, akaibandua taratibu.

"Ni nyeusi?" Remigius aliuliza.

Penina akainama karibu. "Hapana. Ina wekundu, kama ulimi wa ndama."

"Imeshika," Hosiana alisema. Ngozi iliyokuwa pajani sasa ilikuwa hai mahali pengine.

Mguu ukapona. Remigius anatumia dawa, haoti moto tena, na kila jioni Penina humkagua nyayo na katikati ya vidole.

Jumapili moja, baada ya ibada, majirani waliomba kuuona mguu. Remigius akavua soksi. Watu wakainama kama wanaomtazama mtoto mchanga.

Mzee Josephati, mwenye kisukari cha miaka mingi, akaketi kwenye benchi na kuanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Penina, mwanangu," alisema, "hebu nitazamie na miguu yangu."