Bibi wa Kwenye Miwani

Mlezi aliingia darasani bila kufungua mlango. Alitokea tu mbele ya madawati, kama alivyotokea kila asubuhi, na wanafunzi wote wakamwona, ila hapakuwa na wawili waliomwona sawa. Masalu, ambaye wazazi wake walihamia jijini kutoka Usukumani, aliona mzee wa makamo mwenye kofia ya ukindu. Binti wa Kimakonde aliyekaa nyuma yake aliona mama aliyejitanda kanga, mwenye sauti nene ya kutulia. Nalotuesha, mtoto wa Kimaasai aliyekaa karibu na dirisha, aliona bibi mrefu mwenye shanga shingoni na lubega jekundu. Kila mmoja aliyasikia maneno kwa lugha ya kwao.

Siri yote ilikuwa kwenye miwani-somo, vioo vyepesi ambavyo kila mtoto alivivaa tangu kengele ya kwanza. Mlezi wenyewe ulikuwa taswira-nuru, yaani picha iliyofumwa kwa mwanga, na nyuma ya picha hiyo kulikuwa na akili-unde iliyolishwa hadithi, nyimbo, vyakula na desturi za watu wote waliokimbilia Jiji la Mbugani baada ya miaka ya ukame. Zamani, watoto wa jiji hilo walifundishwa kwa mifano ya theluji na matofaa ambayo hawajawahi kuyaona, na wengi wao waliacha shule. Sasa somo la sehemu lilimfikia kila mtoto kwa mlango wa kwao. Masalu aligawa shamba la pamba. Binti wa Kimakonde aligawa gogo la mpingo. Nalotuesha alipewa shanga azipange kwa rangi, robo nyeupe, nusu nyekundu.

Nalotuesha hakuzigusa. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Katika chumba cha waangalizi, nyuma ya kioo kizito, Dokta Tusajigwe alikuwa akimtazama mtoto huyo. Mama huyu ndiye mhandisi aliyeubuni Mlezi. Mbele yake ulikuwepo ubao wa kipimahatari, wenye taa ndogo kwa kila mwanafunzi. Taa ya kijani ilimaanisha mtoto anakwenda vizuri, ya manjano ilimaanisha anayumba, nyekundu ilimaanisha yuko hatarini kupotea kabisa. Darasa zima lilikuwa la kijani, na waandishi wa habari walishalipiga picha. Taa moja tu, ile ya karibu na dirisha, ilikuwa nyekundu tangu muhula uanze.

"Ameinama tena," alisema Mkurugenzi Sendaro, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Sendaro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na watu wenye haraka hupewa vyeo. "Mfumo unasema hana usikivu. Anasinzia, hajibu, hatazami. Kesho asubuhi atapanda treni ya sumaku kwenda Kituo cha Malezi Maalumu."

"Mwaka jana alikuwa wa kwanza darasani, Mkurugenzi."

"Mwaka jana walikuwa na ile mashine ya kijivu."

"Ndicho ninachosema. Ile ilikuwa kisanduku tu, inaongea Kiswahili cha matangazo, haijui hata Mmaasai ni nani, na mtoto alifaulu. Leo tumempa mwalimu wa kwao, lugha ya kwao, shanga za kwao, amekuwa bubu. Hilo halikutishi?"

Sendaro alikunywa chai yake. "Kinachonitisha ni wizara kuona taa nyekundu siku ya uzinduzi. Miji saba inaungoja Mlezi huu, Dokta."

Tusajigwe alikuwa amewahi kukitembelea hicho Kituo cha Malezi Maalumu, mbali huko pwani ya kusini. Kilikuwa safi, chakula kizuri, bustani zimekatwa vizuri. Watoto waliopelekwa huko walirudi watulivu mno, wanaomba ruhusa hata ya kukohoa. Wengine hawakurudi, kwa sababu ndugu zao walikuwa wameshahama kufuata malisho. Wazazi wa Nalotuesha walikuwa wamekwenda mbali kuchunga mifugo iliyobaki, na mtoto alilelewa na bibi yake. Bibi huyo alikuwa na miguu mibovu. Asingeweza kumfuata.

Alasiri Tusajigwe alikwenda nyumbani kwa kina Nalotuesha. Hakwenda kwa sababu alikuwa na wazo, alikwenda kwa sababu kukaa ofisini kulimshinda. Jengo lilikuwa moja ya yale marefu yaliyojengwa kwa wahamiaji, na kambarau, yaani lifti ya nje inayopanda kwa kamba moja, ilimpandisha hadi mlangoni kwao. Bibi alifungua mlango mwenyewe. Watoto wa jengo zima walimwita Koko, neno la Kimaasai la bibi, na watu wazima nao walishazoea.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa shule. Umekuja kunichukulia mtoto?"

Tusajigwe alikaribishwa kwenye kigoda, akakataa kukaa, akabaki amesimama na mkoba mkononi. Hapo Nalotuesha akatoka chumba cha ndani. Hakusema kitu. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya mgeni, akainamisha kichwa, akatulia hivyo hivyo.

Ilikuwa hali ile ile ya darasani. Shingo ile ile, macho kwenye sakafu, mikono imeshuka. Tusajigwe alizitazama nywele fupi za mtoto. Alidhani mtoto ameanza kuugua mbele yake. Muda ukapita, na mtoto hakuinuka.

"Mshike kichwa basi," alisema Koko, kwa kushangaa kidogo. "Mtoto anakusalimu. Utamwacha hapo mpaka lini?"

Tusajigwe aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto. Kilikuwa cha moto kwa jua la dirishani. Nalotuesha aliinua uso, na uso ule haukuwa na usingizi wowote. Akaanza kuongea. Alieleza kwamba lifti iliharibika juzi na watu wakapanda ngazi, kwamba robo mbili ni nusu lakini robo tatu si nusu na Masalu anabisha, kwamba anataka kuwa mtu wa kupima mvua. Aliongea mpaka Koko akamwambia ampe mgeni nafasi ya kupumua.

"Mbona shuleni huongei hivi?" aliuliza Tusajigwe.

Mtoto alimtazama bibi yake kwanza. "Yule bibi wa kwenye miwani ananichukia."

"Anakuchukia vipi? Amekufanya nini?"

"Kila siku nampelekea kichwa. Hanishiki."

Koko alitikisa kichwa taratibu. "Kwetu mtoto haanzi kusema na mkubwa kabla hajashikwa kichwa. Mkubwa akikataa kumshika, basi ana neno naye. Mtoto ananyamaza, anasubiri. Mimi nilidhani huyo mwalimu wenu ana sababu."

Sasa Tusajigwe alikaa. Ile mashine ya kijivu mtoto hakuipelekea kichwa, kwa sababu hakuna anayesalimia kisanduku. Yeye, Tusajigwe, ndiye aliyekivalisha kisanduku lubega. Alikipa sauti ya bibi, makunyanzi ya bibi, heshima yote ya bibi, akamweka mtoto mbele yake. Kila asubuhi mtoto alifanya alivyofundishwa nyumbani, na kila asubuhi bibi wa mwanga alimtazama utosi akaendelea na hesabu. Kisha kipimahatari kikaandika kwamba mtoto anasinzia. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona hofu, maana treni ilikuwa kesho.

Alimpigia simu Sendaro akiwa bado ndani ya lifti. Sendaro alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mtu wa haraka kama yeye hilo lenyewe lilikuwa jema.

"Tutaingiza kwenye toleo lijalo," alisema. "Tutamtengenezea Mlezi ishara ya kushika kichwa. Mwakani."

"Ishara haimgusi mtu, Mkurugenzi. Ni mwanga."

"Basi tutaweka mkono wa mpira."

"Na kesho?"

"Kesho mfumo utapima kama kawaida. Akiujibu Mlezi kabla ya mapumziko, taa itabadilika na treni itaondoka bila yeye. Asipojibu, mimi sina la kufanya. Na Dokta, usiingie darasani. Kanuni ya Umbali uliiandika wewe mwenyewe."

Ni kweli aliiandika. Hakuna mtu mzima kumgusa mwanafunzi ndani ya shule. Ukanda-mlinzi uliofungwa kwenye mkono wa kila mtoto hupiga king'ora ukihisi kiganja kikubwa popote mwilini mwake. Ilikuwa kanuni nzuri. Kulikuwa na watoto walioumizwa na watu wazima, na wazazi walilia mbele ya wizara mpaka ikapitishwa. Tusajigwe alikuwa anajivunia kanuni hiyo kuliko hata Mlezi.

Asubuhi alifika mapema na kusimama nyuma ya kioo. Mtumishi wa Kituo alikuwa ameshafika, kijana mpole mwenye koti la buluu, amekaa kwenye benchi la korido na begi dogo la mtoto miguuni. Koko alikuwa amelipanga mwenyewe. Tusajigwe aliliona lubega limechomoza kwenye zipu.

Mlezi ulitokea. Watoto wakaitikia salamu, kila mmoja kwa ya kwao. Nalotuesha akasimama, akaenda mbele, akainamisha kichwa kwa bibi wa mwanga. Pengine usiku alikuwa amejipa moyo kwamba leo atashikwa. Mlezi ulimsifu kwa Kimaasai safi, ukamwomba arudi kukaa, ukaanza kugawa shanga. Mtoto hakuondoka pale. Kwenye ubao wa waangalizi taa nyekundu ikaanza kupepesa.

Tusajigwe hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alijikuta amefungua mlango wa kioo na anatembea katikati ya madawati. Alikwenda mpaka pale ulipokuwa Mlezi, akaingia ndani ya ile picha ya mwanga, akasimama palipo mwili wake, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

King'ora kililia. Watoto waliziba masikio, Masalu alijificha chini ya dawati. Korido ikajaa vishindo vya viatu. Tusajigwe hakuondoa mkono.

"Takwenya," alisema, salamu ya Kimaasai aliyokuwa ameirudia njia nzima akiogopa kuikosea.

"Iko," alijibu mtoto.

Nalotuesha aliinua uso. Akageukia shanga zilizoelea mbele ya macho yake, na kwa sauti ya kushindana na king'ora akasema, "Robo nyeupe, nusu nyekundu, robo iliyobaki haina rangi. Weka ya buluu." Nyuma ya kioo taa ikawa ya manjano, halafu kijani. Hapo mtoto akavua miwani kuona kiganja kile ni cha nani.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kesho utakuja?"

Walinzi walikuwa wameshamshika Tusajigwe viwiko. "Nitakuja," alisema, bila kujua atakujaje.

Treni iliondoka na kiti kimoja kitupu. Mfumo uliandika kwamba mwanafunzi amejibu swali la Mlezi kabla ya mapumziko, na mfumo haukuwa na mahali pa kuandika mkono ulitoka wapi. Sendaro alimsomea Tusajigwe uamuzi bila kumtazama: amepigwa marufuku kuingia shule yoyote ya jiji, kazi ya Mlezi itaendelezwa na wengine, uzinduzi wa miji saba uko palepale, maana darasa la mfano sasa ni kijani tupu.

"Umetusaidia, kwa namna fulani," alisema Sendaro. Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Tusajigwe.

Kesho yake lango la shule lilikataa kadi yake. Alibaki nje, upande wa barabara, mahali ambapo kanda za mikononi mwa watoto zilikuwa hazijawashwa bado. Aliona haya kusimama pale kama mtu anayeomba. Watoto walianza kufika, na Nalotuesha alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Alipomwona alikuja moja kwa moja akainamisha kichwa. Tusajigwe akamshika.

"Na leo ndani utafanyaje?" aliuliza. Hakuwa amelala kwa ajili ya swali hilo.

"Nitamsalimu kwa mdomo tu," alisema mtoto. "Nimemweleza Koko. Yule bibi wa kwenye miwani hanichukii. Hana mikono, basi. Koko amesema nimhurumie."

Akaingia ndani anakimbia. Tusajigwe alibaki na kiganja bado kina joto. Aliwaza ile miji saba, ambako asubuhi moja isiyo mbali watoto wengine wangevaa miwani, wangewaona bibi zao, wangeinamisha vichwa na kungoja, na hapangekuwa na mtu wa kuwaambia kwamba hawachukiwi. Aliwaza aende wapi kwanza.

Masalu alipita, akasita, akarudi. Alimtazama mama huyu aliyezua kelele zote zile jana.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Tusajigwe aliitikia marahaba, na nyuma ya Masalu alikuwa amesimama mtoto mwingine, akingoja zamu yake.