Winchi na Ndoo ya Maji

"Shuka uone mwenyewe, Winchi. Vumbi la dari lako limejaa kwenye gauni la bibi harusi wa watu."

"Dari ni lako, Fundi. Changu mimi ni sakafu."

Ndugu zangu, ndivyo walivyokuwa wakizozana ngazini, fundi cherehani wa chini na mpakiaji saruji wa juu, na sisi majirani tumejaa milangoni kana kwamba tumealikwa. Kisa kilikuwa chuma. Winchi alijaza zege kwenye makopo ya rangi, akayachomeka pande mbili za bomba, na kila alfajiri aliyanyanyua kisha akayaachia chini, puu. Fundi naye hujibu kwa mpini wa ufagio darini, ko ko ko. Puu na ko ko ko, mpaka dari likaota ufa.

Lakini walikuwa ulimi na meno. Kila asubuhi Winchi alimbeba mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu, akashuka naye vipandio kumi na vinne hadi kibarazani kwa Fundi. Hapo mama alishona vifungo na kupokea habari za mtaa zikiwa bado zinafuka. Nani kahama, nani kaposwa, nani kanuniana na nani. Yeye alijua kabla ya wenyewe. "Kile kibaraza ndiyo miguu yangu," alikuwa akisema.

Sasa, siku ile ya ugomvi, badala ya kupunguza, Winchi aliongeza kopo. Akainama mgongo umepinda, akavuta kwa hasira. Kitu kikamdaka kiunoni, akabaki ameinama vilevile kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Mtaalamu wa mazoezi ya tiba pale zahanati alimkagua, akasema ni msuli, si mfupa. Asilale kutwa, atembee kidogo kidogo, asibebe kitu kizito mpaka waonane tena, na siku ya kurudi mazoezini aanze na mzigo ambao hata mtoto angeucheka. Hilo la mwisho lilimchoma. Mtu aitwe Winchi, jina la mashine ya kunyanyulia mizigo, halafu anyanyue mzigo wa kuchekwa? Alivumilia siku tano. Ya sita maumivu yalilegea, mama akaulizia kibaraza, naye akajitangazia kupona. Akambeba.

Kwenye kipandio cha tano kiuno kilikata. Aliwahi kukaa, mama mapajani, na hapo wakakwama. Kupanda hawawezi, kushuka hawawezi. Kinyozi alipita akauliza kulikoni. "Tunapunga upepo," Winchi akamjibu, na ngazi ile haina hata dirisha. Mama akajipepea kwa ncha ya kanga kumsitiri mwanawe, na kinyozi akaenda zake. Nusu saa ikapita, ndipo mama akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, nimebanwa na haja. Hiyo fahari yako itanipeleka msalani?"

Winchi alifumba macho. Kisha akaita, kwa mara ya kwanza bila ubishi: "Dada Fundi, njoo unisaidie."

Fundi alipanda na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Akamwita kinyozi arudi, na wawili hao wakamweka mama kwenye kiti cha mbao, wakambeba hadi msalani. Hakumcheka Winchi, na hilo lilimuuma kuliko kama angechekwa. Kesho yake alimsindikiza zahanati, akasikiliza masharti kama mtu anayechukua vipimo vya suruali: apumue, asibane pumzi; asukume nyonga nyuma, mgongo usipinde; mzigo asioweza kuushusha taratibu, huo bado si wake.

Makopo yakaenda uvunguni. Wiki za mwanzo zilikuwa za kulala chali, kukunja magoti na kuinua nyonga, na kutembea mpaka kona na kurudi. Baadaye ikaja ndoo, robo ya maji, ikiwa juu ya stuli ili asiiokote chini. Fundi akatega bakuli chini ya ufa. "Ukiishusha kwa pupa maji yatamwagika juu, yatanidondokea, nami nitajua."

Siku ya kwanza yalidondoka. Ko ko ko, ufagio ukasema, na Winchi akapunguza kikombe. Kazini alihamishiwa getini, na wenzake wakamtania kwamba Winchi siku hizi anachotea kuku maji. "Namchotea mama kibaraza," aliwajibu, akaishia hapo. Maana kinyozi alipata nafasi ya kushika kiti na Fundi Jumapili tu; siku sita mama alibaki juu, akisikia vicheko vya chini bila kujua wanacheka nini. Kila alipovisikia, Winchi alitamani kujaza ndoo pomoni. Siku moja alijaza. Bakuli la Fundi likapata maji ya kunawa, na kiuno kikakaza siku mbili. Akashuka hadi vikombe viwili, akaimeza aibu kama dawa.

Mwezi wa nne tangu aumie, ndoo ilijaa, ikapanda, ikashuka, na bakuli likakaa kavu wiki nzima. Mtaalamu akamruhusu kumbeba mama kwa kusaidiana. Asubuhi hiyo tulitoka wote. Kinyozi akamchokoza, ambebe peke yake kama zamani.

"Siku hizi mimi ni upande mmoja wa kiti," alisema Winchi, na Fundi akashika upande wa pili.

Kwenye kipandio cha tano mama aliinua mkono. "Tusimame hapa," akasema, "tupunge upepo."

FUNZO

Jamani, mwili ukiumia haudai sifa, unadai subira. Anayeficha maumivu hajifichi peke yake, humfungia ndani na anayemtegemea. Usiache mazoezi, yabadilishe: punguza uzito, tengeneza mkao, ongeza polepole, na siku mwili ukikataa, rudi nyuma bila kununa. Na mguu ukifa ganzi au mkojo ukikushinda kuuzuia, usingoje kesho, kimbilia hospitali. Kuomba mkono si kushindwa.

Mchana ule, mama alipokuwa kibarazani akidai habari zote zilizompita miezi minne, Winchi alisimama mlangoni akiuangalia ule ufa na kuahidi kuuziba. Fundi alilichukua lile bakuli kavu, akalisuuza, akalijaza chakula mpaka juu.

"Ufa hauendi popote," akamwambia. "Ingia ule."