Mkanda Usiorudishwa Nyuma

Cherehani ilianza kwenda kinyumenyume.

Fundi aliisikia akiwa nyuma ya lile pazia zito analolishusha mchana ili mwanga usimsumbue kwenye skrini. Mkewe alikuwa upande wa pili wa duka, kwenye mashine yake. Sasa huyu ni mwanamke aliyeanza kushona kabla hajaolewa, na mshonaji yeyote anajua gurudumu likienda kinyume uzi unakatika. Hata anayejifunza leo hafanyi kosa hilo mara mbili. Lakini gurudumu lilizunguka kinyume, polepole, wala halikusimama.

Fundi akauliza kulikoni huko. Gurudumu likaendelea na mambo yake.

Tuseme ukweli, Fundi mwenyewe ndiye aliyeyatafuta, ingawa hakujua. Kazi yake ni kuhamisha mikanda ya zamani ya video na kuiweka kwenye diski. Watu humletea harusi za ndoa zilizokwisha kuvunjika na vitoto vichanga ambavyo leo vina vitambi. Asubuhi ile alikuja shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, na mkanda mmoja ndani ya mfuko wa nailoni. Ndio pekee uliobaki na sauti ya marehemu baba yao, na ndugu wote walikuwa wakiulilia. Shemeji ni mtu wa maneno mengi. Akasimulia, huku anacheka, jinsi mzee alivyokuwa mkali juu ya mkanda ule: uangalie mpaka mwisho, uutoe, basi. Ole wake atakayeurudisha nyuma. Wao watoto waliona ni visirani vya utu uzima tu. Fundi naye akacheka, kwa kuwa vituko vya wateja ameviona vingi.

Tena kazi ina taratibu zake. Mkanda uliokaa miaka na miaka hugandana, ukiucheza hivyo hivyo utakatika. Unaanza kwa kuurudisha mwanzo, taratibu, ili ulegee. Na huu ulikuwa umeachwa mwisho kabisa. Fundi akabonyeza, na kwa umbea wake akaiacha picha ionekane.

Akaona sebule iliyojaa watu wakienda kinyume. Katikati, binti mdogo amelala kwenye mkeka, ametulia. Bibi mmoja mganga, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa akiunyonya moshi urudi chini kwenye chetezo. Halafu kwenye ukingo wa picha, karibu kabisa na kamera, kivuli kikachomoka kikiwa hakina mwenyewe. Kilitembea kinyumenyume mpaka kwa yule binti, kikainama, kikaingia. Binti akaanza kujipigapiga sakafuni. Ndipo Fundi alipoutambua uso ule. Alikuwa mkewe, enzi za utoto wake.

Wakati huohuo ndipo cherehani ilipobadili mwendo.

Alipofunua pazia alimkuta mkewe amekaa wima, mikono mapajani, miguu peke yake ndiyo inafanya kazi. Duka zima lilinuka nywele zilizoungua. Alimtazama mumewe bila kupepesa, akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni.

"Umenirudisha," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimechoka kukaa nje."

Sauti ilikuwa ya mkewe yuleyule. Ila kila neno alilitoa polepole, kana kwamba anajaribu viatu vya mtu mwingine.

Fundi alimpigia mama mkwe simu. Alipotaja mkanda, mama aliuliza kama umerudishwa mwanzo. Kisha akaeleza bila kuzunguka. Binti yake alipandwa na jini akiwa mdogo. Siku ya kumtoa, mjomba mmoja aliyekuwa na kamera alikuwa akirekodi, kwa kuwa asubuhi hiyohiyo baba alikuwa akiwachekesha wanawe na kamera haikuzimwa. Jini alipotoka akakimbilia humo. Mganga akawaambia, mkanda ukiwa mwisho, jini yuko nje ya binti. Ukirudi mwanzo, yuko ndani yake. Mganga mwenyewe alishafariki. Hakuna mwingine.

"Ucheze wote, baba," mama alimnong'oneza. "Kwa mwendo wake. Usiruke hata kidogo, na usisimamishe, hata akikulilia."

Fundi alimshika mkewe mkono, mkono baridi usio na ubishi, akamketisha kwenye kigoda mbele ya skrini, akafunga mlango wa duka kwa ndani. Mkanda ukaanza. Na kidole cha Fundi, kwa mazoea, kikabonyeza kurekodi. Mkanda mkongwe hauchezwi bure katika kazi ile, maana kila uchezapo huenda ndiyo mara ya mwisho. Wala hakugundua kwamba amebonyeza.

Baba mkwe alitokea, kijana, akitania watoto wake. Binti mdogo alichekea pembeni, kisha akaanguka. Wakatandika mkeka. Mganga akaja, moshi ukapanda. Kwenye kigoda, mkewe Fundi akaanza kutetemeka, kisha akageuza shingo na kumtazama mumewe, na safari hii sauti ilikuwa yake kabisa, ile ya kumwamsha asubuhi.

"Mume wangu, zima. Naumia."

Fundi alilia, nasema alilia waziwazi, mtu mzima na mvi zake, akasimama kati ya mkewe na mashine na kuifunika swichi kwa mgongo wake, huku mkewe akimsihi kwa majina ya siri ambayo watu wawili tu duniani wanayajua, huku akimkumbusha ahadi aliyompa siku ya kwanza na homa aliyomuuguza, na mkanda ukilia ndani ya mashine kwa ukavu, na picha ikijaa chengachenga, na baba kwenye skrini akimwita binti yake, Kitinda, Kitinda mwanangu, rudi kwetu, mpaka harufu ya nywele ikamjaa kooni na akahisi kitu kizito kinapita ubavuni mwake kuelekea kwenye skrini, na hakuthubutu kukitazama.

Mkanda ukaisha.

Mkewe alikuwa sakafuni, anatokwa jasho, anaomba maji. Alikuwa ni yeye. Fundi akamkumbatia palepale na wote wawili wakalia. Shemeji alipokuja jioni na kugonga, Fundi alifungua akiwa hana hata nguvu ya kueleza. Diski ilikuwa imejitokeza kwenye mashine. Shemeji akaichukua, akashukuru, akaondoka. Mkanda Fundi aliuweka juu kabatini, ukiwa mwisho.

Siku zilizofuata mkewe alikula, alicheka, alimsema mumewe kwa kuacha taulo kitandani. Raha iliyoje kusemwa. Kisha mchana mmoja alikuwa akimpima mteja kiuno, na akaanza kuikaza ile futi ya kamba. Aliikaza huku akitabasamu kwa adabu. Mteja alipiga kelele hadi Fundi akaja kuifungua. Baada ya muda mkewe alizinduka, akaomba radhi, akalia. Hakumaliza kulia, akarudi tena kwenye lile tabasamu.

Mkanda ulikuwa palepale kabatini, mwisho. Fundi akakumbuka diski, akaidaka simu.

Shemeji alipokea simu akiwa na furaha zake. Diski iko poa kabisa, alisema, wameanza kuiangalia mchana huu. Na uzuri wake ikiisha inajirudia mwanzo yenyewe, hata huhangaiki. Fundi alimwomba aiache ifike mwisho, kisha aizime, kwa lugha ambayo hajawahi kumtolea shemeji yake. Ilipofika mwisho akaizima. Mkewe akavuta pumzi ndefu, macho yakarudi kuwa yake.

"Ila usiogope, hakuna kitakachopotea," shemeji aliendelea. "Nimeirusha kwenye kundi la ukoo. Kila mtu sasa anayo kwenye simu."

Ukoo wao ni mkubwa. Wengine wako ng'ambo, wanaamka huku wengine wanalala. Fundi alifunga duka, akakaa na mkewe nyuma ya pazia, akamshika mkono. Akaandika kwenye kundi: jamani, nawaomba, msiiangalie ile video, ifuteni, haina heri. Mtu akajibu kwa kucheka. Mwingine akauliza ina nini tena. Shangazi mmoja aliyekuwa hajaifungua akasema sasa ndiyo anaifungua.

"Wangapi wanaangalia?" mkewe alinong'ona.

Ujumbe mwingine uliingia, wa mpwa ambaye hawajawahi hata kuonana naye: nimemsikia babu, nimelia sana, ngoja niirudie.

Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameshauachia mkono wake.