Kofia Mbele ya Wimbo wa Malkia

Mpango ulisukwa nyuma ya duka la kofia la Sully, kwenye mvuke wa manyoya yaliyochemshwa. Watu watatu, meza moja, na ratiba ya muziki iliyobanduliwa ukutani mwa jumba la Maonyesho ya Melbourne.

Dunphy, mkuu wao, aliweka kidole kwenye wimbo wa mwisho. Ulikuwa wimbo wa kumsifu Mungu. Ukianza huo, Melbourne nzima husimama, na walio mbali hukimbilia ukumbini wausikie. Walinzi nao wana masikio. Kwa muda wa wimbo mmoja, kabati lenye mkufu wa vito vya opali lingebaki bila jicho la mlinzi.

Dunphy angevunja kufuli. Enoch Trewin angebeba mkufu na kutoka kwa mlango wa waimbaji, ambako hakuna anayepekuliwa. Kila mwanakwaya aliruhusiwa kuingiza ndugu mmoja kwa dhamana ya jina lake, na Enoch alikuwa na dada kwenye kwaya. Ndiyo sababu walimtaka. Hakuwa na sifa nyingine.

Sully akamvisha kofia ngumu nyeusi. Ndani ya bitana mlikuwa na mfuko wa kishikizo kimoja.

"Leo hicho kichwa kitabeba kitu cha maana," Sully alimtania.

"Ukishikwa, hunijui," Dunphy alisema.

"Na wewe?" Enoch aliuliza.

"Mimi sikukuzaa."

*Nyimbo nne kabla.*

Dada yake, Jenefer, mwenyewe alimfungulia mlango wa waimbaji, gauni jeupe, utepe wa buluu wa kwaya begani. Alikuwa dobi. Mwaka mzima alikuwa akienda mazoezini na mikono iliyobabuka kwa sabuni. Enoch, tangu mgodi ufungwe, alikula mkate wa mikono hiyo. Alikuwa amemwambia anataka tu kumsikia akiimba.

"Simama karibu na nguzo, kaka," alimwambia. "Nitakutafuta kwa macho."

Enoch alishindwa kumtazama.

*Nyimbo mbili kabla.*

Watu walikuwa kama siafu. Akina mama na vikapu, wachunga kondoo wenye vumbi la bara, wazee wakitafuna mikate ya nyama. Kinanda kikubwa kilinguruma mpaka vioo vikatetemeka. Dunphy alisimama mbele ya kabati, kwenye ujia wa kando ya ukumbi, kama mtu anayechagua zawadi ya mkewe. Sully hakuonekana. Alitakiwa awe mlangoni. Enoch akajua ameshakimbia.

*Wimbo wa mwisho.*

Sauti mia kadhaa zilipanda pamoja. Viti vikakwaruza, watu wakainuka, waliokuwa ujiani wakamiminika ukumbini. Mlinzi akageuka, akasogea hatua chache, mdomo wazi.

Kufuli likalia kidogo. Mkufu ukatua kiganjani mwa Enoch, baridi kama chura. Akauchomeka kwenye bitana, akavaa kofia. Kishikizo hakukifunga, vidole vilimkataa. Katikati ya sauti zote hizo aliisikia moja, nyembamba, aliyoijua tangu utotoni.

"Tembea," Dunphy alinong'ona nyuma yake.

Akatembea. Lakini wimbo ulipokwisha, umati ulikataa kutawanyika. Ulipiga makofi, ukagonga miguu, ukataka urudiwe. Mlango wa waimbaji ulikuwa pale, na kati yake na Enoch palikuwa na ukuta wa migongo. Kiongozi wa muziki aliinama, akatikisa kichwa, kisha akainua fimbo yake. Wimbo wa Malkia, ambao hakuna mwanamume anayeusikiliza na kofia kichwani.

Watu wote wakaganda. Kofia zote zikashuka.

"Usiivue," Dunphy alisema kwa meno yaliyofungwa.

Alichelewa. Utotoni, baba yao alikuwa akiiangusha kwa kofi kofia ya mtoto asiyeivua kwa wimbo huo. Mkono wa Enoch ulikwenda wenyewe.

Mkufu ukaanguka kwenye mbao.

Dunphy ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkaba shingo. "Mwizi! Nimemwona kwa macho yangu!" Walinzi walimshukuru. Kufumba na kufumbua, Dunphy hakuwapo.

*Baada ya wimbo.*

Sajenti aliuliza ni nani aliyemwingiza. Enoch alisema alijipenyeza mwenyewe. Akarudia. Waimbaji walikuwa wakishuka jukwaani, na umati ukawapisha, na Jenefer akaja moja kwa moja mpaka mbele yake.

"Sema hunijui," Enoch alimsihi kwa sauti ya chini. "Jenefer, tafadhali."

Alimtazama kaka yake, akautazama mkufu mkononi mwa sajenti.

"Nimetoka kumwimbia Mungu sasa hivi," alisema. "Mdomo huuhuu niutumie kusema uongo?" Akamgeukia sajenti. "Ni kaka yangu. Mlango nilimfungulia mimi."

Hakuna aliyemwagiza. Aliufungua utepe begani, akaukunja vizuri kama anavyokunja nguo za watu, akamkabidhi msimamizi wa kwaya. Msimamizi aliupokea.

Walipomtoa Enoch nje, polisi mmoja alimwokotea kofia yake, akamnyooshea. Jua lilikuwa kali.

Hakuipokea. Alipita katikati ya umati kichwa wazi.