Mguu Kwenye Breki

Jumamosi hiyo nilikuwa nafua mashuka uani, na mdogo wangu alikuwa amelala ubavu kando ya gari la marehemu baba yetu. Gari hilo limenizidi umri. Bodi yake bado inang'aa, ila breki zake za kale zilikuwa zikipata moto kwenye mteremko wa kwenda shuleni, pedali inazama kama umekanyaga tope. Mimi ndiye niliyesema, "Mwanangu hapandi tena hilo jeneza lako mpaka uweke breki za maana."

"Dada, ukisema umesema," alinijibu. Akaenda kwa muuza vyuma chakavu, akarudi na diski za breki na kalipa nyekundu za kuzibana, zilizotolewa kwenye gari la spoti. Kazi yake hasa ni kushona viti vya magari, lakini mtaa mzima unamwita Injinia, naye huitika. Matundu hayakulingana, akachongesha vishikizo vipya, akazifunga kwenye magurudumu yote manne. Breki ya mkono ikabaki haijaunganishwa.

"Hiyo wiki ijayo," alisema.

Ilibaki kutoa upepo kwenye mipira inayopitisha mafuta ya breki. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine kwenye gurudumu anafungua na kufunga nati, mafuta yatoke na mapovu yake. Nikafuta mikono, nikakaa kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga!" aliita kutoka nyuma. "Shikilia! Haya, achia!"

Tulimaliza gurudumu moja. Nikasikia harufu ya sufuria linaungua, nikakimbilia jikoni. Nikiwa nakwangua, nilimsikia uani akiendelea. Kanyaga. Shikilia. Achia. Nikajua binti yangu amenipokea. Afadhali, nikawaza, leo amepata kazi.

Nikageuka. Binti yangu alikuwa mezani nyuma yangu, anachora ramani ya darasani.

Nilitoka taratibu, nikasimama miguuni pa mdogo wangu. Hakuinua kichwa.

"Sasa unakanyaga vizuri, dada. Mwanzo ulikuwa kama unaua mende."

"Mimi niko hapa," nikamwambia.

Spana ilitulia mkononi mwake. Kisha taa ya breki iliyokuwa juu ya kichwa chake ikawaka. Hakuna aliyekuwa amesema kanyaga.

Tulikaa kizingitini, na hapo ndipo aliponinong'oneza alichoambiwa na muuza vyuma. Lile gari la spoti lilikutwa katikati ya daraja, injini inanguruma, milango imefungwa kwa ndani, taa za breki zinawaka. Ndani hamna mtu. Dereva alikuwa mwanamke. Hajaonekana hadi leo. Winchi ilishindwa kulivuta. Magurudumu yaling'ang'ana mpaka walipokata mipira ya breki.

"Na wewe ukachukua?"

"Nilidhani ananitania."

Nikamkataza binti yangu kulisogelea gari la baba. Mdogo wangu akalijaribu mteremkoni peke yake, siku tisa mfululizo. Halikufanya kituko chochote. Akasema ile taa ilikuwa hitilafu ya waya, na mimi nikaacha kubishana. Ukichoka, unaamini linalokupunguzia kazi. Jumanne ilikuwa siku ya mtihani, mvua ikanyesha, basi la shule halikutokea. Nikasema basi, twende, ila nami napanda. Binti yangu akakaa nyuma.

Katikati ya mteremko gari likasimama ghafla. Paji la uso wangu likagonga dashibodi.

"Mbona umefunga breki hivyo?"

"Sijakanyaga," alisema mdogo wangu. "Mguu wangu huu hapa."

Akashuka kuangalia magurudumu. Nami nikashuka nimfungulie mtoto mlango wa nyuma. Milango yetu ikajibamiza. Vitufe vya kufuli vikashuka. Kimoja. Kingine. Vyote vinne. Katika gari lile, vitufe hushushwa kwa kidole.

Taa za breki ziliwaka kwenye mvua. Chini kulikuwa na kona na ukuta wa mawe. Breki ya mkono hakuna. Hesabu yenyewe haikunichukua muda: mguu ule ukiinuka, mwanangu anakwenda ukutani.

Binti yangu alikuwa anaangalia kiti cha dereva. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Shikilia," nikasema, kwa sauti ya chini. Nilijiona mjinga. Nikarudia. "Shikilia, mama. Usiachie. Shikilia."

Mdogo wangu akaleta jiwe. Kioo kilivunjika kwa pigo la tatu. Nikamvuta mtoto kwa makwapa, sketi ikachanika, nikambeba hadi ukingoni mwa barabara.

"Ulikuwa unaongea na nani?" nikamuuliza.

"Yule wa mbele," alisema. "Ananiuliza, 'Bado?' Nikamwambia bado."

Mdogo wangu alikuwa angali kando ya gari, maji yanamchuruzika. Alikitazama kile kiti kitupu kwa muda. Kisha akanong'ona, "Achia."

Taa zikazimika. Gari likashuka bila kelele, likajikunja ukutani.

Mabaki yalibebwa siku hiyohiyo. Hakuna hata nati moja iliyorudi nyumbani kwangu.

Wiki iliyofuata, nikipiga deki chumba cha binti yangu, niliona rangi ya sakafu imebanduka karibu na kitanda. Nilimwita mdogo wangu. Akapiga magoti, akagusa kwa kidole, akanusa.

"Mafuta ya breki," alisema. "Yakigusa rangi yanaila."

Nimepaka upya mara mbili. Inabanduka palepale, kwa umbo lilelile la unyayo, vidole vitano vimeelekea mto anaolalia mwanangu. Nimekagua chumba kizima, toka mlangoni hadi chini ya kitanda. Unyayo ni mmoja tu, wa mguu wa kulia, ule wa kukanyagia breki. Kisigino hakijagusa chini.